Upanga wa Goujian, na panga zilizobaki midomoni

Desemba 1965, wilayani Jiangling katika mkoa wa Hubei, mfereji wa kupeleka maji mashambani kutoka bwawa la Zhanghe ulikuwa unachimbwa mahali ambapo palikuwa na makaburi ya watu wa kale. Eneo lile liko karibu na magofu ya mji mkuu wa ufalme wa Chu, kwa hiyo wanaakiolojia waliitwa waokoe cha kuokolewa kabla maji hayajafika. Walikuta makaburi zaidi ya 50. Katika kaburi nambari 1 la Wangshan, upande wa kushoto wa mifupa ya marehemu, palikuwa na ala ya mbao iliyopakwa laka nyeusi, na upanga umo ndani yake. Walipouchomoa, ulitoka uking'aa. Ulikuwa umelala chini ya ardhi kwa zaidi ya miaka 2,000 na kutu ilikuwa haijaula.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu ndicho hutajwa mara moja mtu anapouliza kama zile panga mashuhuri za China ya kale, Zhanlu, Chunjun, Ganjiang, Moye na wenzake, zilikuwepo kweli au ni ngano za kuwafurahisha watoto. Anajibiwa: nenda jumba la makumbusho la mkoa wa Hubei, mjini Wuhan, ukauone upanga huo, unaotambuliwa kuwa wa mfalme Goujian. Jibu hilo lina nguvu. Lakini naona linabebeshwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake, na ningependa tuupime mzigo huo polepole.

Kwanza upanga wenyewe. Ni mfupi kuliko watu wanavyoutarajia: sentimita 55.6 pamoja na mpini, bapa lina upana wa sentimita 4.6, uzito gramu 875. Ni wa shaba nyeusi, yaani shaba iliyoyeyushwa pamoja na bati. Bapa lote, pande zote mbili, limejaa nakshi za almasi zenye rangi ya giza zinazokatizana. Kikinga mkono kimepambwa upande mmoja kwa vito vya feruzi na upande wa pili kwa kioo cha buluu. Ukiugeuza ukatazama kitako cha mpini, utakuta miviringo 11 iliyo ndani kwa ndani, kuta zake nyembamba mno, zimetengana kwa pengo ambalo unywele hupita kwa taabu. Mtu aliyewahi kusubu madini anajua kazi hiyo inadai nini. Kalibu ya udongo ikipasuka kidogo tu, au shaba ikiingia ikiwa imeanza kupoa, kila kitu kinaharibika na unaanza upya.

Karibu na mpini yamechorwa maandishi manane, yaani alama nane za Kichina, safu mbili, kwa hati ya madoido ambayo mistari yake hujipinda kama ndege na wadudu. Sita kati yake yalisomeka mapema: "Mfalme wa Yue ... alijitengenezea upanga huu autumie." Mawili yaliyobaki yalikuwa jina la mfalme, na hapo ndipo pakawa na kazi. Yue, ufalme wa kusini-mashariki mwa China, ulikuwa na wafalme wengi, na kila mtaalamu alikuwa na wake. Barua zilikwenda na kurudi kwa takribani miezi miwili. Tang Lan, bingwa wa hati za kale, aliyasoma Jiuqian, akaeleza kwamba kwa matamshi ya zama zile hilo ni jina lilelile ambalo vitabu vya baadaye huliandika Goujian. Wengine, mwanazuoni Guo Moruo akiwemo, wakakubaliana naye, na usomaji huo ndio uliosimama hadi leo.

Kwa Mchina yeyote aliyesoma shule, jina hilo halihitaji maelezo. Goujian alirithi kiti cha baba yake Yunchang mwaka 496 KK huko kusini-mashariki, sehemu inayoitwa Zhejiang siku hizi. Mwaka 494 KK alipigwa vibaya na Fuchai, mfalme wa Wu, akakimbilia mlima Kuaiji na mabaki ya jeshi lake, akanyenyekea, akawa mtumishi wa adui yake. Aliporudi kwao alining'iniza nyongo karibu na mahali alipokaa, akawa anaionja ili asisahau uchungu wa siku ile. Mwaka 473 KK aliifuta Wu, na Fuchai akajiua. Sima Qian, mwanahistoria wa enzi ya Han, ndiye aliyetuachia habari ya nyongo. Ile habari nyingine inayofuatana nayo siku zote, kwamba alilala juu ya kuni badala ya godoro, Sima Qian hana. Iliingia baadaye sana, katika zama za Song. Naomba msomaji aiweke akilini habari hii ndogo, maana inaonyesha jinsi kisa chenye mzizi wa kweli kinavyoota matawi.

Sasa tugeukie ngano. Kitabu kinachoitwa Yuejueshu, kilichokusanywa katika karne ya kwanza BK, yaani kama miaka 500 baada ya Goujian, kina sura nzima juu ya panga. Humo Goujian anamwita Xue Zhu, mjuzi wa kukagua panga, amwonyeshe hazina yake. Mhunzi aliyezitengeneza ni Ou Yezi. Kwa ajili yake mlima Chijin ulipasuka ukatoa bati, na kijito cha Ruoye kikakauka kikatoa shaba. Mungu wa mvua alinyunyiza maji, mungu wa radi akapuliza mivuo, majoka yakaishika tanuri, na Mfalme wa Mbinguni mwenyewe akapakia makaa. Zikatoka tano: Zhanlu, Chunjun, Shengxie, Yuchang na Juque. Goujian anasema mtu mmoja alitaka kuununua Chunjun kwa miji miwili ya kaya elfu moja kila mmoja, farasi elfu moja bora na vitongoji viwili vyenye masoko. Xue Zhu anamwambia bei hiyo haitoshi.

Ukisoma hapo tu utaona ni ngano tupu. Lakini angalia namna Xue Zhu anavyolieleza bapa la Chunjun: limechanua kama yungiyungi linalochomoza majini, nakshi zake zimejipanga kama nyota zinazotembea kwa safu, mng'ao wake kama maji yanayofurika bwawa. Kwa karne nyingi wasomaji waliyachukua maneno hayo kuwa madoido ya mshairi. Kisha kaburi la Wangshan likatoa bapa lenye nakshi zilizojipanga safu kwa safu kutoka mpinini hadi nchani. Hapa ndipo mimi binafsi nilipobadilika. Mwandishi wa kitabu kile, au aliyemsimulia, alikuwa ameona panga za namna hii, au alimjua mtu aliyeziona. Miungu ya mvua na radi ameitunga. Mng'ao hakuutunga.

Na hakuwa peke yake. Katika Zhuangzi, kitabu kilichotangulia Yuejueshu kwa muda mrefu, imeandikwa kwamba mwenye upanga wa Wu na Yue huuhifadhi sandukuni, hathubutu kuutumia, kwa jinsi ulivyo wa thamani. Wahenga wetu walisema lisemwalo lipo. Sifa ya wahunzi wa kusini-mashariki ilienea nchi nzima wakati kazi zao zikiwa bado mikononi mwa watu, na makaburi yameithibitisha mara nyingi. Mwaka 1974 huko Lujiang, mkoani Anhui, ulipatikana upanga wenye jina la Guang mfalme wa Wu, ambaye vitabu humwita Helü, baba yake Fuchai. Mwaka 1983 huko Mashan, si mbali na Wangshan, ukapatikana mkuki wa Fuchai mwenyewe, una jina lake, nao una nakshi za almasi vilevile. Upanga wa mwana wa Goujian, aliyemrithi, ulionekana sokoni Hong Kong, na mwaka 1995 ukanunuliwa na kurudishwa Zhejiang. Mkuki wa Fuchai na upanga wa Goujian leo vimo katika jumba moja kule Wuhan, silaha za mahasimu wawili, zote zimekutwa katika nchi ya mtu wa tatu.

Basi kama Goujian alikuwepo, upanga wake upo, na ufundi uliosifiwa ulikuwepo, kwa nini nisiseme moja kwa moja kwamba Zhanlu na Chunjun zilikuwepo?

Kwa sababu ya maandishi yale yale manane. Yasome tena. Yanamtaja mwenye upanga na yanasema aliutengeneza autumie. Jina la upanga halimo, wala la mhunzi. Na huo ndio mtindo wa silaha za wafalme wa Wu na Yue tulizonazo: upanga hubeba jina la mtu. Ou Yezi hayumo popote kwenye shaba. Maana yake ni nzito kuliko inavyoonekana. Hata kama upanga wa Wangshan ndio uleule ambao watu wa Yue waliuita Chunjun, hauna kitu chochote cha kutuambia hivyo. Ungekuwa ndani ya kabati la kioo mbele ya macho yetu, taa imeuwakia, na tusingeweza kuujua. Wanaoandika kwamba upanga wa Goujian ni mmoja wa zile tano za Ou Yezi wanadhani tu, hata kama dhana yao inapendeza.

Halafu kuna orodha zenyewe, ambazo hazielewani. Xunzi, mwanafalsafa wa karne ya tatu KK, anaorodhesha panga bora za kale, na humo Juque ni mali ya Helü wa Wu, pamoja na Ganjiang na Moye. Ukija Yuejueshu, Juque umehamia Yue, umo katika hazina ya Goujian. Jina limedumu, mwenyewe amebadilika. Kwa wanaofuatilia masimulizi ya mdomo hili si geni, ila kwa anayetaka kuthibitisha kuwepo kwa kitu mahususi ni pigo. Kadiri chanzo kinavyokuwa cha zamani, ndivyo habari zinavyokuwa chache: katika Xunzi ni majina tu, na katika Zhuangzi Moye ni jina la upanga bora ambalo kipande cha shaba kinachoruka tanurini kinataka kuwa. Yule mke wa mhunzi hajatokea bado.

Maana kisa cha Ganjiang na Moye kama watu wanavyokijua leo ni mume na mke waliotumwa na Helü kutengeneza panga mbili, chuma kikagoma kuyeyuka, mpaka Moye akakata nywele na kucha zake akazitupa motoni, na wasichana na wavulana 300 wakapuliza mivuo. Hicho kinatoka katika vitabu vya enzi ya Han na baada yake, na kila kinaposimuliwa upya kinaongezeka: mara mtoto analipiza kisasi cha baba, mara kichwa kilichokatwa kinachemka chunguni siku tatu hakiivi. Mimi nakipenda sana kisa hiki. Lakini mlima Moganshan huko Zhejiang, ulioitwa kwa majina yao wawili, unathibitisha tu kwamba watu waliwapenda.

Zhanlu nao una kazi yake maalumu ndani ya ngano. Helü alipomzika binti yake pamoja na watu walio hai, upanga ulichukizwa, ukaondoka ukiteleza kama maji, na mfalme wa Chu akaamka usingizini akaukuta kando yake. Hapo huhitaji kuwa mtaalamu ili uone kinachosemwa. Ni somo la utawala: silaha ya haki haikai na mfalme dhalimu.

Katika majina yote matano, Yuchang ndio ulio karibu zaidi na tukio lililoandikwa. Mwaka 515 KK Guang alitaka kiti cha Wu, akamwandalia mfalme Liao karamu. Muuaji wake Zhuan Zhu aliingia amebeba samaki, silaha imefichwa tumboni mwa samaki yule, akamchoma mfalme palepale, naye akauawa. Habari hii imo katika Zuozhuan, kitabu cha kumbukumbu za matukio ya zama hizo, bila majoka wala mungu wa radi. Kwa hiyo silaha fupi iliyoingia katika samaki ilikuwepo, nadiriki kulisema hilo. Kwamba ilikuwa na jina kabla ya siku ile, na kwamba mikono ya Ou Yezi iliigusa, ni nyongeza za waliokuja baadaye.

Kuna panga tatu nyingine ambazo ngano inasema Ou Yezi na Ganjiang walimtengenezea mfalme wa Chu: Longyuan, Tai'a na Gongbu. Hizi ni za chuma, na zamani baadhi ya wasomi walizikataa kwa sababu hiyo tu, wakisema zama zile China haikuwa na panga za chuma. Hoja hiyo imekufa. Mwaka 1976 kaburi moja mjini Changsha, katika ardhi ya Chu, lilitoa upanga wa chuma cha pua wa mwishoni mwa zama za Machipuko na Vuli (karne ya nane hadi ya tano KK). Mwaka 1990 Sanmenxia, mkoani Henan, ukatoka upanga wa chuma wenye mpini wa jade, wa karne nyingine kadhaa nyuma. Na katika sura ileile ya Yuejueshu, Feng Huzi, mjuzi mwingine wa panga, anamweleza mfalme wa Chu kwamba silaha za watu zilikuwa za mawe, kisha za jade, kisha za shaba, na sasa ni chuma. Ukiondoa jade, ndio mpangilio ambao wanaakiolojia wa Ulaya waliufikia katika karne ya 19. Kitabu kinachotuletea majoka kwenye tanuri kinajua historia ya madini kwa usahihi kiasi hicho. Ndiyo maana siwezi kukitupa, na siwezi kukiamini chote.

Nirudi Wangshan, kwa sababu kuna ngano nyingine mpya iliyozaliwa baada ya 1965. Watu wanasema upanga haukushika kutu kwa sababu wahunzi wa Yue waliupaka kromi, teknolojia ambayo dunia iliigundua juzi. Si kweli, na chanzo cha uvumi kinajulikana. Kromi ilipatikana kwenye baadhi ya silaha za jeshi la udongo la mfalme wa kwanza wa Qin, mahali tofauti na karne mbili na zaidi baadaye, na utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba ilitoka kwenye laka iliyopakwa sehemu za mbao na sanamu, ikagusa shaba kwa ujirani. Upanga wa Goujian ulipimwa Shanghai mwaka 1977, katika chuo kikuu cha Fudan, kwa miale isiyoudhuru. Bapa lilionyesha shaba asilimia 80 hivi na bati karibu 19. Penye nakshi za giza palikuwa na salfa kidogo, na wapo waliosema mafundi waliitia makusudi iwe ngao ya kutu. Wengine wakajibu kwamba mwili na vitu vinavyooza kaburini hutoa salfa pia. Kipimo chenyewe kinaona uso tu, hakifiki ndani, hivyo takwimu zake za sehemu za nakshi zisichukuliwe kuwa mapishi ya upanga mzima.

Mimi nadhani maelezo ya kutosha yamo kaburini: udongo mzito uliozuia hewa, maji yaliyojaa, ala iliyoubana upanga barabara. Hewa isipoingia, kutu haipati chakula. Mafundi wale hawahitaji kromi ya kubuni ili waheshimiwe. Nakshi zile za giza, ambazo wataalamu wamebishana miaka mingi zilitiwaje, ni sifa tosha.

Swali linalobaki ni jinsi upanga wa mfalme wa Yue ulivyofika kwenye kaburi la Chu. Vibao vya mianzi vilivyokuwa kaburini vinamtaja marehemu, ambaye wengi humsoma Shao Gu, mtu wa ukoo wa kifalme wa Chu aliyeishi zaidi ya karne moja baada ya Goujian. Wako wanaosema uliletwa na bibi harusi, maana kwa mapokeo binti ya Goujian aliolewa na mfalme Zhao wa Chu, akamzaa mfalme Hui. Wako wanaosema ni nyara, Chu ilipoishinda Yue katika karne ya nne KK. Tarehe ya ushindi huo na tarehe ya kaburi zinabanana kiasi kwamba mimi naegemea ndoa, au zawadi baina ya falme mbili zilizokuwa na adui mmoja. Vyovyote vile, mtu aliyezikwa nao aliupokea ukiwa tayari mkongwe, akijua ni wa nani, kwa sababu jina lilikuwa limeandikwa. Tayari ulikuwa na simulizi yake.

Mahali pa kutafuta zaidi pangekuwa Suzhou, kwenye kilima cha Chui-milia. Helü anasemekana alizikwa hapo pamoja na panga 3,000 kwa vile alizipenda mno, na chini ya kilima kuna bwawa jembamba linaloitwa Bwawa la Panga. Mwaka 1955 maji yalitolewa ili lisafishwe, na chini pakaonekana upenyo ulioingia mwambani, umezibwa kwa mawe. Hawakuendelea. Juu ya kilima kuna mnara wa Yunyan, wa karne ya kumi, ambao umeinama kwa muda mrefu, na kuchimba chini yake ni kuuangusha.

Upanga wa Goujian nao hausafiri tena. Mwaka 1994 ulipelekwa Singapore kwa maonyesho, na wakati wa kuutoa kabatini ukagongwa, ukapata ufa wa milimita 7. Tangu hapo haukuruhusiwa kuvuka mpaka, na mwaka 2013 uliingizwa rasmi katika orodha ya vitu ambavyo ni marufuku kutoka nje ya China. Anayetaka kuzihesabu nakshi zake na kusoma yale maandishi manane lazima aende Wuhan.